Yai Moja Halipati Joto

Yaliyompata Agnela wa Nduruma yalianza jioni, saa ya kufungia kuku.

Ilikuwa masika. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, mlima Meru umejifunika mawingu mpaka miguuni, na ua mzima ulikuwa tope. Agnela alikuwa anamsukumia kuku wa mwisho bandani aliposikia mtu nyuma yake.

"Hodi."

Akashtuka. Geti lake lilikuwa la mabati, na kila aliyelisukuma lilimtangaza mpaka kwa jirani. Jioni ile halikulia.

Mwanamke alikuwa amesimama kando ya bomba, miguu peku. Kitenge chake kilikuwa kinachuruzika maji, na mvua ilikatika tangu saa nne. Mkononi alikuwa na kikapu kilichofunikwa majani makavu ya mgomba.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," Agnela akaitika kwa mazoea, kisha akaona aibu. Mwanamke yule alikuwa umri wa mama yake mzazi. Mtu mzima hamwamkii mdogo.

"Nimesikia unatotolesha."

Hilo lilijulikana na wote kuanzia Nduruma hadi Makumira. Tangu afiwe na mume, Agnela alikuwa na mashine stoo. Fundi mmoja wa Usa River alikuwa amemtengenezea kutoka kwenye friji bovu: taa za joto, kifeni, sinia la maji, na mlango wa kioo. Majirani walileta mayai, yeye akawatotoleshea vifaranga. Kwa hiyo hakuona ajabu. Akafunua majani, akaona mayai meupe, madogo, yasiyo na uchafu hata chembe. Akagusa moja.

Lilikuwa la moto. Moto wa kitu kilichotoka mwilini sasa hivi.

"Kuku wako ameyaacha?" aliuliza.

"Usiyamulike," mwanamke alijibu. "Mengine yote fanya unavyofanya. Ila usiyamulike."

Kikapu kilipobadilisha mikono, Agnela alisikia harufu. Majivu yaliyomwagiwa maji... na kitu kingine chini yake, kama maziwa yaliyoganda kwenye nguo. Alipoinua macho amuulize jina, ua ulikuwa mtupu.

Geti halikulia.

Kwenye nyumba ile Agnela hakuwa peke yake. Binti yake Anneth, mwalimu wa shule moja ya mjini Arusha, alikuwa amerudi kwa mama kungojea kujifungua. Mumewe alikuwa kazini Dodoma. Mimba ilikuwa kubwa, mtoto mtundu. Alikuwa anapiga mateke mpaka kikombe cha chai ambacho Anneth aliwekewa na mama yake juu ya tumbo kilicheza, mama na binti wakacheka.

Kesho yake Anneth alikaa sana kitandani.

"Leo amelala," alisema.

Kesho kutwa hakusema kitu. Alikuwa ameweka mikono yote miwili tumboni, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Kule stoo nako mambo yalikuwa yameharibika. Mayai ya majirani, yaliyokuwa karibu kuanguliwa na tayari yameanza kulia ndani kwa ndani kama ilivyo kawaida, yalinyamaza. Agnela alivunja moja, akakuta kifaranga kimekufa. Akavunja la pili, hivyo hivyo. Joto lilikuwa sawa. Maji yalikuwepo. Mayai yote yaliyozunguka yale meupe yalikuwa yamepoa kama mawe ya mtoni, ndani ya mashine yenye moto.

Meupe yalikuwa ya moto vile vile.

Akampeleka Anneth zahanati. Nesi Magdalena alibandika sikio kwenye kile kikopo cha kusikilizia, akahamisha huku, akahamisha kule, uso umekunjamana.

"Moyo upo," alisema mwishowe. "Lakini uko mbali. Ni kama mtu anayetwanga nyumba ya pili." Kisha, Anneth alipokuwa anavaa viatu, akamnong'oneza Agnela: "Wiki hii si yeye tu. Kila ninayemsikiliza, moyo uko mbali. Nikadhani ni masikio yangu. Kesho ni kliniki, mrudishe nimwangalie tena. Hali ikizidi, mnakimbilia hospitali mjini."

Walirudi nyumbani. Anneth alikwenda kulala. Mama yake akaenda stoo, akafunga mlango, akachukua tochi.

Mwenye kutotolesha analijua yai linalokua. Ukilimulika unaona mishipa myekundu imetanda kama buibui, na katikati yake kijidoa kinachotikisika. Agnela alikuwa ameyaona hayo mara nyingi kuliko alivyojiona kwenye kioo. Akaweka yai la kwanza juu ya tochi.

Hapakuwa na mshipa.

Hapakuwa na jicho, wala mdomo, wala bawa. Ndani palikuwa na mwanga tu, na katikati ya mwanga kitu kidogo chekundu kinachopiga.

Dup... dup... dup...

Aliusikia kwa vidole, kupitia ganda. Akachukua lingine. Hivyo hivyo. Lingine. Hivyo hivyo, ila kila moja na mwendo wake.

Wakati huo huo sufuria ikaanguka jikoni, ikabingirika kwenye sakafu. Anneth, aliyekuwa usingizini chumba cha pili, akapiga ukelele wa kushtuka.

Na yai lililokuwa mkononi mwa Agnela likaanza kwenda mbio.

Dup-dup-dup-dup-dup.

Mengine yalikuwa yametulia. Ni lile moja tu. Lilikwenda mbio, kisha, Anneth alipoguna na kugeuka kitandani, likapungua... likapungua... likatulia.

Mkono wake ulikuwa tayari unaiendea swichi ya mashine, azime. Akausimamisha hewani. Akizima, kitakachopoa ni nini?

Hakuzima. Alilifumbata yai kwa viganja viwili, akatoka nalo taratibu, akiogopa kizingiti, akiogopa hata pumzi yake. Anneth alikuwa amelala chali, macho wazi.

"Mama, umebeba nini?"

"Nyamaza mwanangu. Funua tumbo."

Alilaza yai juu ya ngozi iliyotanuka, akaliwekea kiganja. Wakangoja. Mvua ilianza upya juu ya bati.

Yai likaruka.

Anneth akakaa ghafla, amejishika ubavu. "Amecheza! Mama! Amecheza, gusa hapa, gusa!"

Agnela aligusa. Teke likampiga kiganjani, la nguvu, la hasira. Wote wawili walilia. Na lile yai, alipoliokota kitandani, lilikuwa baridi na jepesi kama ganda la karanga.

Angeweza kuishia hapo. Wa kwake alikuwa amerudi. Lakini alipofika stoo kuegesha mlango, mengine yalikuwa yanapiga kwenye giza la mashine, kila moja na mwendo wake, na akakumbuka maneno ya nesi.

Si yeye tu.

Asubuhi iliyofuata aliyafunga mayai yale kwa khanga kifuani, akavaa sweta pana juu yake, akatembea mpaka zahanati kama mtu aliyebeba uji wa moto. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, na hakuna aliyekuwa anapiga soga. Mwishoni alikaa binti wa Kimaasai, Namnyaki, kichwa ameegemeza ukutani, machozi yanashuka yenyewe.

Agnela akakaa karibu naye. "Hachezi?"

Namnyaki alitikisa kichwa. "Tangu juzi, yeyoo," alisema, akimwita mama kwa lugha yake. "Mume wangu anasema nisubiri. Nasubiri nini?"

"Nisogelee, mwanangu. Nikukumbatie."

Akamkumbatia, kifua kwa tumbo. Kitu kikaruka chini ya sweta. Namnyaki akaachia mdomo wazi, akashika tumbo, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akisema maneno ya Kimaasai yasiyo na mwisho.

Agnela hakungoja kuulizwa. Alikwenda kwa anayefuata. Alisalimia, akakumbatia, akabariki kwa jina la Yesu, benchi baada ya benchi. Baadhi walimwona kama amerukwa na akili. Mmoja alimsukuma, kisha akamvuta tena baada ya kuona shoga yake anacheka. Kifuani mwake joto lilikuwa linapungua, ganda baada ya ganda.

Likabaki moja.

Alizunguka nalo mara ya pili. Alingoja mpaka mama wa mwisho alipotoka kwa nesi. Lile yai halikumtambua mtu. Lilikuwa linapiga polepole sana, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na alipofika nyumbani lilikuwa limeanza kupoa.

Jioni ilipoingia alijua atakuja. Alimfungia Anneth chumbani, akakata jani la sale kwenye uzio. Kwao Machame, ukimfikia mtu na jani la sale mkononi, unaomba amani, na hata adui hulipokea. Akasimama barazani.

Harufu ilitangulia. Majivu na maji.

"Shikamoo, mama."

Safari hii Agnela hakuitika.

Mwanamke alikuwa kando ya bomba. "Nimefuata mayai yangu."

"Hayakuwa yako. Nimeyarudisha yalikotoka."

Bandani kuku wote walinyamaza kwa mara moja, hata wale wanaogombania nafasi ya kulala.

"Uliyamulika," mwanamke alisema.

"Nimeyamulika."

"Moja lilikuwa langu."

Agnela alihisi pigo moja dhaifu chini ya sweta. "Na mengine?"

"Niliyaazima." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia Agnela baridi. "Wewe unafuga, unajua. Kuku haatamii yai moja. Yai moja halipati joto. Linataka wenzake."

"Wenzake wangefia humo!"

"Wa kwangu alikufa kabla hajacheza," alisema mwanamke. "Hakuna aliyeniuliza."

Agnela angeweza kulivunja. Lilikuwa hapo, chini ya kidole gumba chake, na ukuta ulikuwa karibu. Aliwaza hivyo. Lakini lilipiga tena, na yeye mwenyewe, kabla ya Anneth, alikuwa amezika mtoto asiye na jina kwenye kihamba, shamba la ukoo la wakwe. Mkono ulikataa.

Akalitoa. Akalilaza juu ya jani la sale, akashuka ngazi, akanyoosha mkono.

"Chukua. Usirudi hapa. Na usiazime tena kwa mtu."

Mwanamke alilipokea kwa mikono miwili, na vidole vyake vilipomgusa vilikuwa na ubaridi wa maji ya mfereji. Alilileta yai sikioni, akasikiliza. Kisha kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Limelala kifuani kwako mchana kutwa," alisema. "Limekuzoea."

Akageuka. Hakuelekea getini. Alikwenda kwenye mahindi ya mzee Sifaeli, jirani, yaliyopakana na ua. Katikati ya mistari akasimama, akakusanya kitenge, akatanua magoti, akachuchumaa polepole... akajitikisa kidogo kulia, kidogo kushoto... kama kuku anayejiweka sawa juu ya kiota.

Akatulia. Mvua ilikuwa inampiga kichwani. Hakusogea.

Agnela aliingia ndani, akapiga komeo, akakaa na bintiye chini ya blanketi moja wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ndogo mpaka palipopambazuka.

Watoto wa mabenchi yale wote walikuja kuzaliwa salama. Wa Anneth alikuwa wa kike, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Lakini asubuhi ile hayo yalikuwa hayajulikani bado. Mzee Sifaeli ndiye aliyemgongea, jembe begani, kofia mkononi.

"Mama Anneth, njoo uone shambani."

Katikati ya mahindi palikuwa na duara la majani yaliyolala. Ardhi yake ilikuwa kavu, na mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Ganda la yai lilikuwa pale, nusu mbili, limepasuliwa kutoka ndani. Agnela alimweleza yote. Mzee alisikiliza bila kumkatiza.

"Zamani nikiwa kijana," alisema, "huko juu karibu na msitu, kuna mke alikutwa amekufa mferejini na mimba yake. Watu walisema aliteleza. Ukoo wa mume haukutaka maswali." Akavaa kofia. "Sijui kama ni yeye. Wapo wengi ambao hawakuulizwa."

Kisha akamwonyesha nyayo kwenye tope. Zile zilizotoka kwenye ua wa Agnela zilikuwa nyepesi, hazikuzama hata unene wa kidole. Zile zilizoondoka kuelekea mlimani zilizama mpaka kifundo, visigino vimechimba, kama za mtu aliyebeba mtoto.

Hazikwenda moja kwa moja. Zilikuwa zimezunguka kwanza nyumba yote ya Agnela, zikasimama chini ya kila dirisha.

Mzee Sifaeli alishusha jembe, akaanza kuzifukia, moja baada ya nyingine, kuanzia ukutani. Alikuwa anakwenda haraka kuliko umri wake.

"Mbona unazifukia, mzee?"

"Asije akaijua njia."

"Ameshaijua. Amekuja mara mbili."

Mzee hakuinua kichwa.

"Simsemi mama," alisema. "Namsema mtoto."