Daftari la Kina cha Mto

Rafiki yangu seremala, aliyenisimulia haya, si mwongo. Angekuwa mwongo ningeshamfukuza. Tangu msitu wa mlimani ukatwe, mto haukuwa na adabu, na shemeji yake ndiye aliyeajiriwa kuupima kina huko juu. Kila asubuhi alipiga simu: "Maji yametulia, shemeji." Mafuriko yakabeba karakana ya seremala. Akapanda hadi kwenye kibanda cha shemeji, kando ya mto.

"Umenichezea shere!"

"Shemeji, nilijaza daftari la mwaka mzima siku moja. Mita mbili, mita mbili, basi. Nani ataka kushuka mtoni kwenye ukungu?"

Wakalifungua. Siku ya mafuriko: mita sita.

"Mwandiko wako?"

"Wangu. Lakini sikuiandika hiyo."

Nje, mto uliokuwa ukinguruma ukanyamaza. Ukungu ukatia giza dirishani. Seremala akafunua ukurasa wa leo: mita tisa.

Kibanda kimejengwa kwenye alama ya mita nane.