Baiskeli ya Liwali

Jumamosi mchana, hotelini kwa Semeni, Ngamiani, hapakuwa na pa kuweka mguu. Marudio ya "Liwali Kasema" yalikuwa yameanza, na watu waliokuja kununua mikate ya ajemi walikuwa wameisahau mikate. Tamthilia hiyo ya vichekesho, ya enzi za Wajerumani, iliwagawa watu wa Tanga kama mpira wa miguu. Wazee wa msikitini walilalamika kwamba kilemba cha liwali kimefungwa ovyo. Mhakiki mmoja wa gazeti la Dar es Salaam aliandika kwamba historia si mahali pa kufanyia mzaha, na vijana wa Makorora wakamjibu mitandaoni kwamba kama hajui kucheka aangalie taarifa ya habari. Lakini saa ikifika, waliopenda na waliokasirika wote walikuwa mbele ya televisheni.

Shamsiya alikuwa amesimama karibu na mlango, mfuko wa mikate mkononi, baibui lake jeusi limetariziwa nyuzi za fedha mikononi, akicheka bila kujizuia. Alipofuta machozi kwa ncha ya mtandio, akamwona kijana mmoja ameipa televisheni mgongo. Shati lake la kitenge lilikosa kifungo cha juu, na macho yake yote yalikuwa kwa watu.

"Kaka, televisheni iko huku," akamwambia.

"Huko nakujua. Nyinyi ndio siwajui."

"Unatuchunguza kama nani, polisi?"

"Kama mwandishi. Maneno ya huyo liwali nayaandika mimi. Nimekuja kuona mnacheka wapi na mnapiga miayo wapi."

Shamsiya akamwambia basi na yeye ana lake: mke wa liwali anaongea kama mtu anayesoma tangazo. Kijana akacheka mpaka kichwa kikarudi nyuma. Aliitwa Mudathir, mtoto wa kijiji cha Ushongo, na kabla chai haijapoa walikuwa wamepeana namba.

Tangu hapo simu hazikukatika. Kila kipande kikiisha Shamsiya alitoa ripoti: nani kacheka, nani kanuna, shangazi kainuka wapi kwenda jikoni. Alimwita mtani, kwa kuwa utani ndio uliowakutanisha. Mudathir naye akawa anamwita habibi, kwanza kwa mzaha, kisha mzaha ukaisha na jina likabaki. Shamsiya alipenda, tena alipenda vibaya, wala tusimfichie.

Siku moja simuni Shamsiya akamsimulia habari za babu wa baba yake. Mzee huyo alikuwa liwali kweli, na Mjerumani alimpa baiskeli. Kuiendesha hajui, na kuonekana hajui hataki. Basi akawa anakaa juu yake wima, mwavuli mkononi, watu wawili wanamsukuma hadi barazani. Walicheka wote wawili hadi wakakosa pumzi.

Baada ya muda baiskeli ikatokea kwenye tamthilia.

Mji ulichanganyikiwa kwa raha. Redioni watu walipiga simu kuiga sauti za wale wasukumaji. Mhakiki yuleyule aliyekuwa amenuna akaandika kwamba hajapata kuona utawala ukichorwa vizuri namna hiyo. Usagara, nyumbani kwa akina Shamsiya, hakuna aliyecheka. Kaka yake Saud, aliyemlea tangu baba yao alipofariki, alizima televisheni na kuuliza nani aliyeitoa siri ya babu nje ya nyumba hii. Shamsiya akainamisha kichwa. Kwa kuwa mji mzima ulijua vitukuu wa liwali ni akina nani, vijana walianza kupita mbele ya duka la Saud la vifaa vya ujenzi wakipiga kengele za baiskeli, na yeye anapima misumari kama hasikii.

"Ulinipenda mimi, Mudathir, au uliipenda baiskeli?" Shamsiya alimuuliza kwenye simu.

"Uliniita mtani, Shamsi. Mimi najua mtani hakatazwi kitu."

"Mtani wangu mimi. Babu yangu hakukuita mtani."

"Uliponisimulia, wewe ulimwona aliyekaa juu. Mimi nilimwona anayesukuma. Yule ni mtu wa kwetu, mnyonge kama sisi. Ningemwachaje?"

Shamsiya alikata simu. Wiki zikapita. Simu yake ililia, ikachoka kulia. Alimkasirikia Mudathir, akamkumbuka, kisha akajikasirikia kwa kumkumbuka.

Alasiri moja Mudathir akabisha hodi Usagara, amevaa kanzu nyeupe, jasho linamtiririka. Alimwamkia Saud shikamoo, na Saud akaitikia kwa kuwa mtu hanyimwi salamu. Nyuma ya pazia Shamsiya aliyekuwa analeta kahawa akasimama na sinia lake.

Mudathir akasema amekuja kuomba radhi. Kwa kuandika kuhusu wasukumaji hajuti. Anajutia kuchukua maneno ya ndani ya nyumba ya watu bila kuomba ruhusa.

"Mtu wa nje akimcheka babu yangu, amemtukana," Saud alisema. "Ungekuwa shemeji yangu ningenyamaza. Shemeji ana haki ya kutucheka, wazima na marehemu. Wewe ni nani hapa?"

Alisema hayo ili kumfukuza. Shamsiya akafungua pazia.

"Basi mfanye shemeji, kaka."

Saud alimtazama kwa muda mrefu. Akamuuliza kama anajitoa mhanga ili vijana waache kupiga kengele dukani.

"Kengele hazitaacha. Nasema kwa sababu nampenda."

Neno hilo halikuwa limewahi kutamkwa na msichana mbele ya kaka katika nyumba ile.

Saud akamgeukia Mudathir. "Umekuja kuomba radhi au kuposa?"

"Radhi. Hilo la pili nililiogopa."

"Walete wazee wako Ijumaa, baada ya swala."

Saud akampitisha macho toka kichwani hadi miguuni, polepole, kama mtu anayepima mbao.

"Na hiyo kanzu umeazima kwa nani? Mabega yamekukimbia."

"Kwa jirani," Mudathir akajibu.

Saud ndiye aliyeanza kucheka. Shamsiya akaweka sinia chini, akajifunika uso kwa mtandio, akalia.