Maji Yasiyochapwa

Maji ya kwenye trei yalinukia zafarani.

Dorotea aliinama akanusa tena. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akisafisha picha za karatasi katika karakana yake ndogo pale Don Mills, ughaibuni, na pua yake ilikwisha kuzoea ukungu, moshi wa sigara, hata mkojo wa paka. Zafarani ilikuwa harufu ya shughuli za Tanga, alikozaliwa. Haikuwa na kazi yoyote kwenye picha ya Kijapani.

Picha ilikuwa ya maporomoko ya maji, imechapwa kwa mbao za kuchonga, kila rangi na ubao wake. Buluu ilianza nzito juu, ikafifia kidogo kidogo ikiteremka, kwa sababu mchapaji aliupangusa wino kabla ya kulaza karatasi. Chini walisimama wasafiri watatu, wadogo kama punje za mchele, wakitazama juu. Lakini maji yenyewe, ule mkondo mweupe ulioshuka kama vidole virefu, hayakuchapwa. Yalikuwa karatasi tupu iliyoachwa vivyo hivyo. Jicho la mtu ndilo lililoyafanya yaanguke.

Kamil ndiye aliyeileta. "Ni ya mama yangu, dada. Imetundikwa chumbani kwake tangu kabla sijazaliwa. Yuko Calgary kwa ndugu zake, nataka akirudi aikute inang'aa."

Nyuma ya picha palikuwa na madoa ya manjano, safu kwa safu. Dorotea aliyadhania chai. Aliyapiga picha kama afanyavyo kwa kila kazi, akazijaribu rangi zote kwa tone la maji, akaona hazitoki, akailaza karatasi ndani ya trei. Baada ya dakika ishirini madoa yalikuwa yamekwisha. Akayamwaga yale maji.

Ndipo aliposikia: sss, sss, sss.

Aliijua sauti hiyo. Ni sauti ya mchapaji anaposugua mgongo wa karatasi ili wino ushike. Alikuwa peke yake, saa tisa alasiri, jua la Februari likiwaka dirishani. Akasogea mezani pole pole, mkono kifuani, akaona ule weupe ambao haukuwa na hata tone la wino ukiteremka, ukiteremka bila kufika chini, na wale wasafiri watatu, waliotazama juu kwa zaidi ya miaka mia, walikuwa wamegeuka wote na kumwelekea yeye.

Simu ikalia. Akaruka.

"Dada Dorotea," Kamil alinong'ona, "picha umeifanya nini?"

"Kwa nini?"

"Mama karudi jana. Sasa hivi anakunywa maji, jagi baada ya jagi, na anaongea kwa sauti ya mwanamume. Anasema kafukuzwa kwake. Anakutaja kwa jina, na mimi sikumwambia jina lako."

Dorotea alifungua ile picha ya madoa kwenye kompyuta, akaikuza. Zilikuwa herufi za Kiarabu. Mtoto yeyote wa Tanga anajua kombe, maandishi ya dua kwa zafarani. Alikuwa amekosha kinga ya mtu.

Alipofika nyumbani kwa Kamil, ile picha mkononi, Bi Saumu wa Dixon Road, mganga wa majini, alikwisha kuitwa. Alikuwa mwenyeji wa Pangani, dereva wa basi la shule, na bado alivaa kizibao chake cha manjano cha kazini. Mama yake Kamil, Bi Zebunissa, alikaa kitandani, gauni limelowa, midomo imekuwa buluu.

"Nani wewe?" Bi Saumu aliuliza kwa upole.

"Mwenye nyumba iliyobomolewa," sauti nzito ya jini ikajibu. "Nilipomshika binti huyu, mganga alinitafutia mahali peupe pasipoguswa na mkono wa mtu. Nikakubali. Miaka hamsini! Leo nimemwagwa kama maji ya vyombo."

"Ukiandikiwa tena, utaingia?"

Maji yakaanza kumtiririka Bi Zebunissa puani.

Bi Saumu alimsogezea Dorotea kikombe cha zafarani iliyolowekwa kwa marashi ya waridi. "Mkono uliofuta ndio utakaoandika."

"Mimi Mkatoliki, Bi Saumu. Hata alifu siijui."

"Hukuambiwa usome. Andika!"

Akaandika nyuma ya picha, akinakili yale madoa kutoka kwenye simu yake, kulia kwenda kushoto, nukta kwa nukta, na kila safu aliyomaliza maji yaliongezeka, yakashuka kidevuni, yakalowesha godoro, yakafika sakafuni na kuzunguka viatu vyake, baridi kama barafu, huku Kamil akimwinamisha mama yake asizame katika kitanda chake mwenyewe, hadi ikabaki herufi moja.

"Nitaingia," sauti ikasema karibu kabisa na sikio lake. "Lakini mpangaji hukaa kwa aliyemwandikia."

Dorotea alimtazama Bi Saumu. Bi Saumu aliinamisha macho. "Umesikia, mwanangu."

Bi Zebunissa hakuwa akipumua tena. Dorotea akaiandika ile herufi.

Mama akakohoa. "Kamil," akasema kwa sauti yake, "nipe shali, nasikia baridi."

Jioni ile Dorotea aliitundika picha sebuleni kwake, juu ya kochi. Mumewe, Thobias, aliisifu rangi. Baada ya chakula Bi Zebunissa alipiga simu.

"Nisamehe, mwanangu. Si mbaya, ukimheshimu. Asubuhi mwamkie kabla yeyote nyumbani hajagusa maji. Usisahau hata siku moja, hata ukiwa safarini. Mimi nilisahau mara moja tu."

"Ikawaje?"

"Kamil alizaliwa pacha," akasema, akakata simu.

Kulipokucha, Gift, binti yao wa pekee, alikuwa bafuni tayari, akiimba, na Dorotea akasikia mkono wake ukigusa bomba. Akatoka kitandani mbio bila viatu, akasimama mbele ya ule weupe.

"Shikamoo," alisema.

Bomba likafunguka bafuni. Nyuma ya kioo cha picha, taratibu, kama ya mzee aliyeamshwa usingizini, sauti ikajibu:

"Marahaba."