Besi ya Baba

Kila alasiri nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Mtoto mchanga alilala chumbani. Mama yake alikunja nepi sebuleni. Na baba mkwe alikaa kwenye kiti chake, akaweka ule wimbo wake.

Ulikuwa wimbo wa bendi ya ujana wake. Yeye ndiye aliyepiga gitaa la besi, lile la nyuzi nene na sauti nzito. Lakini sasa masikio yake yalikuwa yamechoka. Spika mbili ndogo zilitoa waimbaji na tarumbeta tu. Besi haikusikika. Basi mzee aliongeza sauti. Akaongeza tena. Mtoto akaamka, na nyumba nzima ikawa kilio.

Mkamwana hakuwahi kulalamika. Angelalamikaje? Mzee huyo ndiye aliyempakata mtoto kila mama alipotaka kuoga kwa utulivu. Lakini siku hiyo mzee alimwona amembeba mtoto huku anasinzia wima. Akazima muziki mwenyewe.

"Mwanangu, nimempigia wifi yako simu," alisema. "Jumamosi anakuja kunichukua. Kwake hakuna mtoto mchanga."

"Baba, kwani nani amekufukuza?"

"Hakuna aliyenifukuza. Ni mimi tu. Najitafuta ndani ya wimbo huo, sijisikii. Nawapigieni kelele za bure."

Jioni mkamwana alimsimulia mumewe. Mume alikuwa fundi bomba, mtu wa vitendo kuliko maneno. Alisikiliza huku akikuna kidevu. Kesho yake mchana alirudi na sabufa begani, kasha jeusi zito alilopewa na mteja aliyekuwa anahama. Akamweleza mkewe kwamba sabufa ni spika ya sauti nzito tu. Baba akiipata besi yake, hatakuwa na haja ya kuongeza kelele.

Akaanza kuunganisha bila kumuuliza mtu. Kwa fundi bomba, ukitaka maji yafike pengine, unakata bomba, unaweka tii, kiungo cha njia tatu, maji yanagawanyika. Naye akafanya vivyo hivyo. Waya wa sabufa ulikuwa na pini kila upande. Akakata pini moja, akauchuna waya, akausokota pamoja na nyaya za spika ya kushoto, nyuma ya amplifaya, ile mashine iliyokuza sauti ya muziki wa mzee.

"Tii hiyo," akasema, na kujifuta mikono kama mtu aliyemaliza kazi.

Alipowasha, sabufa ilinguruma kama lori lililokwama kwenye tope. Taa ya amplifaya ikawa nyekundu. Kisha kila kitu kikazimika. Harufu ya waya uliopata moto ikajaa sebuleni, na mtoto akaangua kilio.

Mzee alimwambia mwanawe kwa upole asijisumbue tena. Akaingia chumbani kukunja mashati yake ya safari. Mkamwana akambembeleza mtoto hadi akalala, akatoka kwenda kugonga mlango wa jirani.

Jirani huyo, waliyezoea kumwita Mama Spika, kazi yake ilikuwa kufunga vyombo vya muziki kwenye sherehe. Alikuja na povu la sabuni mikononi. Alijifuta hadi mikono ikakauka kabisa, ndipo akachomoa plagi zote ukutani. Kisha akachungulia nyuma ya amplifaya.

"Shemeji, nani alikufundisha kufunga hivi?"

"Bomba," mke akamjibia. Wakacheka, hata fundi mwenyewe.

"Basi nitakueleza kwa bomba," akasema Mama Spika. "Matundu ya spika yana presha kubwa, kama bomba kuu la mtaani. Sabufa hii ina amplifaya yake ndani. Ndiyo maana ina plagi yake. Inataka matone tu, itayakuza yenyewe. Wewe umeifungulia bomba kuu."

"Ingepasuka," fundi akasema polepole.

"Ingeungua. Na nyaya hizi zilizo uchi zikigusana, hata amplifaya inaweza kuungua. Bahati yako, hii imejizima kujiokoa."

Akamwonyesha tundu la duara lililoandikwa SUB. Hilo ndilo tundu la sabufa. Akamwambia kuwa si kila amplifaya inalo, na asipoliona siku nyingine, amuulize anayejua kabla ya kukata chochote.

Fundi akazirudisha nyaya za spika mahali pake, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, bila uzi kuchomoza. Mama Spika akaleta waya mzima wenye pini pande zote mbili. Pini moja ikaingia kwenye tundu la SUB, ya pili kwenye tundu la kuingizia sauti la sabufa. Wakashusha sauti zote hadi chini. Ndipo plagi zikarudi ukutani, na amplifaya ikawaka vizuri.

Fundi alitaka sabufa ikae kwenye ukuta wa chumba cha mtoto, kwa kuwa palikuwa na nafasi. Mama Spika akakataa. Sauti nzito hupenya ukuta, alisema. Akaiweka kando ya kiti cha mzee, juu ya kipande cha zulia. Ikiwa karibu naye, kidogo tu kitamtosha.

"Haya, mwiteni mwenye wimbo."

Mzee alikuja, akaketi ili tu asiwavunje moyo. Wimbo ukaanza kwa sauti ya chini. Mama Spika akazungusha kitufe cha sabufa kidogo, akangoja, akazungusha tena kidogo. Mkamwana alikuwa akitazama mikono ya mzee. Vidole vya kushoto vilianza kutembea juu ya goti, vikibonyeza nyuzi zisizokuwepo.

"Huyu ni mimi," mzee akasema.

Akaelekeza kidole kwenye sabufa.

"Sikilizeni hapa. Hapa nilizidisha madoido. Mama yenu alikuwa amesimama nje ya kioo cha studio, ananitazama."

Fundi akageukia dirishani. Habari hiyo hakuwahi kuisikia.

Mkamwana akaenda kuchungulia chumbani. Mtoto alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Aliporudi, mzee alikuwa na simu sikioni, anazungumza na binti yake.

"Jumamosi njoo," alikuwa akisema. "Ila usije kunichukua. Njoo ukae hapa nami, nikuonyeshe ndani ya wimbo mahali mama yako aliponitazama."