Upindo wa Shoto

— Wifi, huu upindo nani kaushona?

Wifi mtu alikuwa amesimama juu ya stuli katikati ya kiwanda cha kushonea, gauni lake la harusi limemwagika hadi sakafuni, mikono ameiinua kama mtu anayepekuliwa. Akacheka.

— Si wewe? Au uzee umeanza kukuchezea, unasahau mpaka kazi yako?

Utani wa mawifi huo, na siku nyingine ungejibiwa palepale, tena kwa nyongeza. Leo Bi Kola alizidi kuusogeza upindo machoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, upindo ameugeuza ndani nje ili aone kama gauni likipunguzwa kiuno litapanda. Macho yake yalikwama hapo.

Ukishona upindo kwa mkono, nyuzi hulala upande mmoja, kama mwandiko wa mtu. Za Bi Kola hulala kulia. Hizi zilikuwa zimelala kushoto, kuzunguka gauni zima, na pale kazini alikuwepo mtu mmoja tu mwenye mkono wa namna hiyo. Mume wake. Wateja walimwita Shoto kwa sababu alikata vitambaa kwa mkono wa kushoto, na mkasi wake ulimshinda kila aliyejaribu kuushika.

Sasa, Shoto kushona alijua, lakini pale hakuwa mshonaji. Tangu wafunge ndoa, mwaka wa kumi na moja huu, kazi waligawana hivi: mume anapima na kukata, mke anashona, kisha mume anapiga pasi. Bi Kola jina lake lilitokana na kola za mashati alizokuwa akizishona, ambazo watu walizifuata kutoka mitaa ya mbali. Na upindo wa gauni hili aliushona mwenyewe, siku tatu nzima, meno ameyauma, vidole vimevimba hadi pete ya ndoa ikabidi aivalie shingoni. Siku zile tatu asingeweza kuzisahau.

— Shuka, wifi. Kavue. Nitakupigia.

— Kuna nini?

— Hakuna kitu. Kavue tu.

Wifi alipoondoka, Bi Kola alikwenda kwenye nguo zilizokuwa tayari kuchukuliwa na wenyewe. Akatoa sketi ya bluu, akaigeuza, akaisogeza dirishani. Mshono wa mashine ulikuwa umenyooka vizuri. Kando yake palikuwa na mstari mwingine usio na uzi, vitundu tu, vile vinavyobaki kitambaa kigumu kinapofumuliwa. Vitundu vilikwenda kombo. Viliingia ndani, vikatoka, mahali vikakatika, vikaanza upya. Akatoa sketi ya pili, akatoa shati, akatoa suruali ya mwalimu mkuu. Kote vitundu.

Huo ndio ulikuwa mkono wake. Aliukodolea macho mpaka miguu ikamchoka, akakaa.

Msomaji atauliza, mshonaji mzima anakosaje kuuona mshono wake mwenyewe? Muulize mshonaji yeyote. Nguo ikitoka kwenye mashine huwa imejikunja, imevutika, hata iliyoshonwa vyema huonekana ovyo, na hukumu hutolewa baada ya pasi. Bi Kola alikuwa akichoka mapema, saa tisa anarudi nyumbani kujilaza, roho juujuu kwa kazi aliyoiacha. Asubuhi anaikuta imepigwa pasi, imenyooka kama zamani. Anashusha pumzi. Anajiambia bado yumo.

Na kwa kuamini hivyo, miezi saba iliyopita aliikataa dawa.

Ugonjwa wake ni baridi yabisi ya viungo, ile ambayo kinga ya mwili humgeuka mwenye mwili ikaanza kumla maungio. Vidonge alivyokuwa akinywa mara moja kwa wiki vilimsaidia miaka minne, kisha vikaelemewa. Daktari, mwanamke mpole asiyependa kuzungusha maneno, alimshauri aanze dawa mpya ya kuchoma, kila baada ya wiki mbili. Hakumficha ubaya wake: inapunguza kinga, kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka, kwa hiyo lazima apimwe kwanza, na homa yoyote isichukuliwe kirahisi. Bi Kola aliogopa. Akaomba muda. Usiku ule, mezani, alimuuliza mumewe swali moja tu, kwamba kazi yake anaionaje. Shoto akamjibu huku anatafuta chumvi kwamba iko vilevile.

Basi alirudi kwa daktari na shati ndani ya mfuko. Ndiyo, shati. Akalitandaza juu ya meza, akamwonyesha kola, akasema mikono inayoshona hivi haijafikia huko. Daktari alimminya vidole kimoja kimoja, akamwambia yeye haridhiki na uvimbe ule, ila hawezi kumlazimisha mtu. Wakaandika kwamba atasubiri miezi mitatu arudi. Miezi mitatu ilipopita, Bi Kola alitazama mashati yake, akaona safari ya nini.

Sasa, nguo zikiwa mbele yake, alichukua simu. Kuandika kulimchukua muda, kidole gumba kilikuwa hakikunjiki.

"Uko wapi"

Jibu likaja mara moja. "Nachukua zipu na bitana. Nikuletee nini mke wangu?"

"Njoo"

Shoto aliingia anapiga mluzi, mfuko wa zipu kwapani. Mluzi ulikatikia mlangoni. Nguo zote zilikuwa mezani, zimegeuzwa ndani nje, na gauni la dada yake juu.

— Tangu lini? akauliza mkewe.

Shoto aliweka mfuko chini. Alitaka kuanza mbali, habari ya taa mbovu, habari ya mashine kuhitaji mafuta, na mkewe akamwacha aseme mpaka maneno yakamwishia mwenyewe.

— Tangu mwaka jana. Sare za wale watoto wa kwaya.

— Zote?

— Mwanzoni moja moja. Siku hizi zote.

— Nilikuuliza, mume wangu. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukanijibu.

— Ulisema siku utakayoshindwa kushona nikurudishe kwenu. Ulisema huku unalia. Ningekwambia vipi?

— Kwa mdomo. Ule uliokuwa ukila nao.

Shoto alisema alichokuwa akifanya ni mapenzi. Kwamba kila saa tisa mkewe akitoka, yeye anakaa kwenye kiti chake, anafumua, anashona, na anamshukuru Mungu siku imepita bila yeye kujua. Hakuwa anadanganya, maskini. Alimpenda kweli, na hilo ndilo lililomkata Bi Kola maini, maana mtu akikuharibia kwa chuki walau unajua pa kumpeleka.

— Nilikwenda kwa daktari na shati lako, akasema. Nikamwambia ni langu.

Shoto alikuwa halijui hilo. Alishika ukingo wa meza.

Wiki ile walilala chumba kimoja kama abiria wasiojuana. Wifi alipiga simu mara sita, kisha akatuma ujumbe: "Wifi yangu, kaka kanieleza. Mimi sikujua, naapa. Gauni liache hivyohivyo, nitaolewa nalo." Bi Kola alimjibu kwa neno moja, "Sawa," na kweli wifi aliolewa nalo, likiwa limemlegea kidogo kiunoni.

Hospitali walikwenda pamoja, kwa sababu mlango wa teksi Bi Kola hakuweza tena kuufungua. Daktari alizibandika picha mbili za eksirei kwenye taa, ya miezi saba iliyopita na ya asubuhi ile. Haikuhitaji elimu. Katika picha mpya, vichwa vya mifupa ya vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimelika pembeni.

— Dawa ile bado ipo? akauliza Bi Kola.

— Ipo. Ikikukubali, itausimamisha ugonjwa hapa ulipo. Kilicholika hakirudi.

— Na ningeanza wakati ule?

— Mama, swali hilo halitakusaidia.

— Nijibu tu.

Daktari alivua miwani, akaiweka juu ya faili.

— Siwezi kuapa. Lakini vidole hivi viwili, wakati ule vilikuwa vimevimba tu.

Shoto aliinuka, akatoka nje. Wakamsikia kwenye korido akikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Bi Kola aliuliza ikiwa dawa itamrudisha kwenye mashine. Hapana. Itamfanyia nini basi? Daktari akamhesabia taratibu: viwiko, magoti, mabega, kunyanyua kikombe, kuchana nywele, kuoga bila kuogeshwa. Na hatari zake ni zilezile za mwanzo, hakuna hata moja iliyopungua. Bi Kola aliitazama mikono yake ikiwa imelala pajani. Alijiona mjinga kukaa pale kuchagua, wakati kitu alichokuwa anakichagulia kilishaondoka. Akasema atafikiri, na daktari akamwomba safari hii asifikiri sana.

Siku tisa alifikiri. Siku ya kumi, asubuhi, Shoto akiwa anafunga viatu aende kazini peke yake, alimwita.

— Kaa.

Akakaa, kiatu kimoja mguuni.

— Mara ile nilikuuliza ukanidanganya. Nakuuliza tena, na ukinionea huruma leo natoka nyumba hii. Kazi yangu ikoje?

Shoto aliinamia kile kiatu. 

— Imekwisha, mke wangu.

— Endelea.

— Imekwisha tangu mwaka jana. Kola ya mwisho uliyoshona wewe ikavaliwa ni ya yule mhasibu, kabla ya mvua. Baada ya hapo hakuna nguo iliyotoka na mkono wako.

Bi Kola alilia. Hakujificha wala hakuinama, alilia akimwangalia, na Shoto alipotaka kumsogelea akamzuia kwa kiganja. Alipomaliza alijifuta kwa mgongo wa mkono.

— Asante. Mpigie daktari, mwambie nimekubali. Siyo kwa ajili ya kushona. Nataka niweze kujiogesha.

Alipimwa kifua, kikaonekana salama. Dawa ikaja na boksi la barafu, ikakaa kwenye friji kwenye rafu ya juu. Muuguzi aliwafundisha siku moja: itoe nusu saa kabla, futa ngozi, bana nyama ya tumbo, choma, sukuma taratibu mpaka mwisho. Wagonjwa wengi hujichoma wenyewe. Bi Kola alijaribu mara tatu kwa bomba la sindano lisilo na dawa, na mara zote tatu gumba likagoma kusukuma. Muuguzi, bila kujua yaliyopita kati yao, akamgeukia Shoto na kusema basi baba ndiye atakayekuwa anamchoma mama.

Jumamosi ya kwanza walikaa kitandani, dirisha wazi, kelele za watoto wa jirani zikiingia. Shoto alinawa mikono mara mbili. Bi Kola alipandisha blauzi, akatazama ukutani. Alisikia mchomo, kisha ubaridi ukiingia, kisha pamba.

— Nimemaliza, akasema Shoto. Imeingia yote.

Bi Kola akanyoosha mikono yote miwili.

— Lete.

— Nini?

— Bomba. Lete nilione.

Shoto alimwekea viganjani, maana vidole visingelishika. Bi Kola akaliinua hadi kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama mpaka chini kabisa. Lilikuwa tupu. Akamrudishia, akashusha blauzi, akamwambia Jumamosi ya baada ya wiki mbili saa ni ileile.