Stika za Matufaha ya Lushoto

Kila siku nikitoka shule navua sare, nakula, kisha naenda gengeni kwa mama, hapa hapa Usagara, mjini Tanga, kumsaidia kuuza matunda. Kazi yangu ya kwanza ni kuyafuta matufaha kwa kitambaa, moja moja, mpaka yang'ae kidogo. Nasema kidogo kwa sababu matufaha ya Lushoto hayang'ai hata ukiyafuta mpaka Idi. Ni madogo, ni ya kijani, na mengine yana madoa. Lakini ukiliuma moja, utamu na uchachu vinakuja pamoja, na juisi yake inakata kiu kuliko soda.

Kazi yangu ya pili ni kujibu swali moja, na swali hilo lilikuwa linanitoa roho.

"Epo za wapi hizi?"

"Za Lushoto."

"Aa!"

Basi, mteja analiweka tufaha chini, anavuka hatua nne, anakwenda kwenye meza ya Kaka Ayubu, jirani yetu wa biashara. Kaka Ayubu anauza matufaha mekundu yaletwayo na meli kutoka nchi za nje, kila moja na stika yake ndogo ubavuni. Zamani mtaa mzima ulinunua ya Lushoto. Tangu ya nje yaanze kuja kwa wingi, watu wamegeuka, hata mgonjwa hapelekewi tena tufaha lisilo na stika.

Aliyenikera kuliko wote ni Bi Najat, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku moja alilibonyeza tufaha letu kwa kidole gumba, akalirudisha likiwa na shimo, kisha akaniambia, "Kizuri chajiuza, mwanangu, kibaya chajitembeza." Nilitamani kumwambia kwamba kidole chake nacho kinatembea mno. Lakini mkubwa hajibiwi, kwa hiyo nililigeuza tufaha, shimo likakaa chini.

Ijumaa moja Mama Beatrisi, mkulima anayetuletea matufaha kutoka Lushoto, alishusha tenga jipya akakuta la wiki iliyopita bado limejaa zaidi ya nusu. Yaliyokuwa chini yameanza kuoza.

"Dada Semeni," alimwambia mama, "mimi siwezi kuyalipia matunda nauli yaje kuozea Tanga. Mume wangu anasema tung'oe miti tupande viazi. Miti ile aliipanda baba mkwe, nami naionea uchungu. Ila tenga hili nalo likikaa hivi, nitamwambia ang'oe."

"Nipe wiki moja tu, dada yangu," mama alijibu.

Siku hiyo mama hakumaliza chakula chake. Matufaha ndiyo yaliyolitofautisha genge letu na mengine. Bila hayo tungebaki na nyanya na vitunguu kama kila mtu, na nyanya za mtaa wetu zinatosha kulisha mkoa.

Kesho yake, Jumamosi, mama alikwenda Muheza kumjulia hali shangazi aliyekuwa anaumwa, akaniachia genge. Kufikia saa nne nilikuwa nimeulizwa lile swali mara kumi na moja. Kumi na moja! Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Ndipo macho yangu yalipotua kwenye nguzo ya kibanda cha Kaka Ayubu. Wateja wake wanaokula pale pale hubandua stika na kuzibandika kwenye nguzo ile, nayo ilikuwa imejaa tele.

"Kaka Ayubu, naomba hizo stika," nikamwambia.

"Chukua, zinanichafulia nguzo tu," akasema bila kuniangalia. Watoto wengi huzibandika kwenye daftari zao, kwa hiyo hakushangaa.

Nilizibandua zote. Gundi yake ilikuwa imekwisha nguvu, basi nikakimbia nyumbani kuchukua kipande cha ugali wa jana. Nililowanisha, nikapaka, nikabandika. Nilichagua yale matufaha makubwa yenye wekundu kidogo upande mmoja, nikayapanga mbele. Moyoni nilijiambia kwamba simdhuru mtu, maana tufaha ni tufaha.

Haikupita nusu saa, Bi Najat huyo.

"Shikamoo, Bi Najat."

"Marahaba. Ehe! Leo Semeni ameamka! Ameleta za nje?"

Sikusema ndiyo wala hapana. Nilitabasamu tu. Alichukua moja akaliuma, akafumba macho.

"Umeona? Epo ya nje unaijua kwa harufu tu. Nipimie kilo mbili."

Nilianza kumpimia huku nacheka kimoyomoyo. Alipokuwa bado anachagua, pikapu ilisimama mbele ya genge. Alishuka mwanaume mnene mwenye kofia ya kiua, anatokwa jasho, anaonekana amechoka na dunia.

"Hapa ndipo kwa Bi Semeni?" aliuliza. "Mimi naitwa Uweso, nina kiwanda kidogo cha juisi Pongwe. Nimeambiwa nitapata matufaha ya Lushoto."

Kabla sijafungua mdomo, aliyaona yale ya mbele. Akashusha pumzi.

"Haya nayo ya nje! Lahaula! Tangu asubuhi nazunguka. Juisi ya tufaha tulikuwa tunatengeneza kwa rojo zito la matufaha linaloletwa kwa mapipa kutoka ng'ambo. Mwaka huu mashamba ya huko yamepigwa na baridi, na rojo lililopatikana limegombaniwa na matajiri wa nchi nyingine. Bei imepaa, hatuiwezi. Nataka ya Lushoto, yale machachu, matenga manne kila wiki. Huyo mama yako hana kabisa?"

Matenga manne kila wiki! Na ya Lushoto yalikuwa pale pale miguuni pangu, yamefunikwa gunia. Lakini Bi Najat alikuwa amesimama pale pale, tufaha la stika mdomoni, ananitazama. Nikisema ya Lushoto yapo, atauliza haya ya mbele yametoka wapi.

"Hana," nikasema. "Tunauza ya nje tu."

Bwana Uweso alitikisa kichwa, akaandika namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi. "Ukisikia mtu anayo, nipigie. Nisipopata hapa nitayafuata Lushoto mwenyewe." Akaondoka. Nilibaki nimeishika ile karatasi. Sijawahi kujichukia kama saa ile.

Mama alirudi alasiri. Alichukua tufaha moja la mbele akalikuna kwa ukucha. Punje ya ugali mkavu ikamwangukia kiganjani.

"Shadya, hiki ni nini?"

Nilieleza. Nilipofika kwa Bi Najat alifunga macho. Nilipofika kwa Bwana Uweso, alikaa chini juu ya ndoo.

"Yaani mtu amekuja kutuokoa, amesimama hapa, na wewe ukamwambia hatuna?"

"Bi Najat alikuwepo, mama."

"Ebo! Kwa hiyo Bi Najat ndiye aliyekuziba mdomo? Chukua simu upige mwenyewe. Uongo ulikuwa wako, na ukweli nao uwe wako."

Nilipiga, nikaeleza yote. Bwana Uweso alisikiliza, kisha akafoka. "Binti, nimechoma mafuta mji mzima! Mimi mtoto mwenzio?" Simu ikakatika. Mama hakunituliza. Aliniletea beseni la maji na kitambaa, akaniambia nianze kubandua. Ugali ukikauka kwenye ganda la tufaha, jamani, ni bora kufua shuka za harusi. Nilisugua mpaka Magharibi ikaadhiniwa.

Jumapili asubuhi pikapu ilisimama tena. Bwana Uweso alishuka bila salamu, akaenda moja kwa moja kwenye tenga jipya, akachagua tufaha la chini kabisa, akalikata kwa kisu chake. Alilitafuna huku amekunja uso kwa ule uchachu.

"Haya ndiyo," akasema hatimaye. "Matamu matupu yanatoa maji ya sukari. Haya yanatoa juisi."

Kisha akanigeukia. "Unajua kwa nini nimerudi? Ya Lushoto ningeweza kuyafuata mwenyewe huko huko milimani. Nilikuja hapa kwa sababu mzee mmoja wa Muheza aliniambia, Semeni akikuambia tunda limetoka mahali fulani, limetoka hapo. Sikuwa na muda wa kukagua kila tenga. Jana nusura unifanye nimwone yule mzee mwongo."

Alichukua tenga jipya pamoja na mazima yaliyobaki kwenye lile la zamani, akaagiza manne kwa wiki inayofuata. Mama alimpigia Mama Beatrisi pale pale, na kelele za furaha za huko milimani nilizisikia bila simu kuwekwa sauti kubwa. Nilijua viazi vitasubiri. Nikavuta pumzi, nikadhani mambo yamekwisha.

Mama akatoa pesa kwenye kibweta chake, akanipa. "Hizi ni za kilo mbili za Bi Najat. Nenda ukamwambie."

"Mama! Lakini ameyapenda! Hajui kitu, na Bwana Uweso ameshanunua. Ya nini tena?"

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena. "Soko hugeuka. Juzi walitaka ya nje, leo Bwana Uweso anataka ya Lushoto, kesho sijui watataka nini, na wewe hujui. Huwezi kulikimbiza soko kwa kudanganya. Njia ya mwongo ni fupi, yako haikumaliza hata siku. Bwana Uweso ulimwambia kweli kwa sababu kulikuwa na faida. Hiyo ni biashara tu. Kwa Bi Najat hakuna faida yoyote, na ndiko nitakakojua kama umejifunza."

Nilikwenda. Bi Najat alinisikiliza mlangoni, na kadiri nilivyosema ndivyo macho yake yalivyozidi kuwa makubwa.

"Unataka kuniambia nilifumba macho kwa epo ya Lushoto?"

"Ndiyo, Bi Najat. Nisamehe."

Alinisema mpaka majirani wakatoka vibarazani. Alinisema mimi, akayasema malezi ya siku hizi, akausema na ugali. Nilisimama, kichwa chini, nikasikiliza mpaka akamaliza. Kisha akanyoosha mkono, akazipokea pesa.

"Na hayo yaliyobaki," akasema, huku anaurudisha mlango, "siyarudishi. Watoto wameyapenda."

Amechukua pesa, na matufaha amebaki nayo! Jibu kali lilinijia mpaka ncha ya ulimi. Halafu nikakumbuka ni nani aliyeanza kudanganya, nikageuka nikarudi gengeni kumsaidia mama.