Kilichocheka Kwenye Koo la Mlima

Asubuhi hiyo nilikuwa karakanani nikishona mkoba uliotatuka, chai pembeni, sindano mdomoni. Karakana ya chama chetu cha wapanda mlima zamani ilikuwa ya kuchomelea mageti, na hadi leo ukikaa ovyo utachomwa na kipande cha chuma mahali usipoweza kumwonyesha daktari. Ukutani kuna misumari minene, kila kamba na msumari wake. Mimi ndiye mtunza kamba. Nimepanda milima ya nchi nyingi, na mingi kati ya hiyo nimeshuka nikiwa mgongoni mwa mtu. Kwa hiyo dada yangu mdogo, ambaye ndiye kiongozi wetu wa kupanda, aliona nina manufaa zaidi nikiwa nimeketi.

Mume wake akaingia kuchukua kamba. Tunamwita Twiga, kwa ajili ya shingo, na kwa ajili ya ile tabia yake ya kukuangalia kutoka juu bila kutia neno.

"Shemeji," nikamwambia, "unajua kwa nini kinyonga hapandi mlima? Akifika kileleni hakumbuki alianza na rangi gani."

Akaniangalia kama mtu anayepimwa presha. "Shemeji, kaa na sindano mdomoni. Inakufaa."

Tangu amwoe dada yangu hajawahi kucheka mzaha wangu hata mmoja. Siku ya arusi nilishika kipaza sauti, ukumbi mzima ukavunjika mbavu (sawa, shangazi mmoja), bwana arusi akatulia tuli. Nilimpenda kwa hilo. Asiyekudanganya kwa kicheko hatakudanganya kwa lolote.

Akatoka na mwoka mikate, mwenzake wa kamba, kwenda mlimani. Nikaendelea kushona.

Mwoka mikate alirudi adhuhuri, peke yake. Viganja vyake vilikuwa vimechunika kama viazi. Dada yangu alikuwepo, na mwenyekiti wa chama, ambaye ni daktari wa meno. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Jiwe limeng'oka," akasema. "Kamba ikakatwa na ncha ya mwamba. Twiga ameingia Kooni."

Koo ni ufa ulio ubavuni mwa mlima wetu, mwembamba, mrefu, usioisha ukungu hata jua la kiangazi likiwaka. Mpandaji yeyote wa hapa ataanza kucheka ukimtajia mizimu, na ataacha kucheka ukimtajia Koo. Zamani aliwahi kuanguka mtu mle. Rafiki zake wawili wakamsikia akiita, wakateremsha kamba kufuata sauti. Kamba ikavutwa kutoka chini. Yule aliyeanguka alikuja kuonekana siku nyingi baadaye upande mwingine kabisa wa mlima, na ilionekana wazi kwamba alikufa papo hapo. Wale wawili hawakuonekana tena. Tangu hapo chama kiliapa: Kooni hatuteremshi kamba.

"Kiongozi," mwenyekiti akanong'ona, "tuliapa."

Dada yangu alikuwa ameshaanza kufunga buti. "Kwa mume wangu pia niliapa. Na mbele ya watu wengi zaidi."

"Kitakachokujibu huko chini huenda kisiwe yeye."

"Nikifika nitakiuliza."

"Na kama ni yeye, lakini ameshakufa?"

"Basi atakufia nyumbani." Akasimama. "Daktari, mlima hauna mtu. Una mawe. Watu ni wetu."

Mwenyekiti akaichukua kofia ngumu. "Leo wagonjwa wangu watafurahi," akasema. Mwoka mikate akajifunga vitambaa mikononi. Nami, kwa vile aibu ni mbaya kuliko woga, nikabeba kamba mbili.

Tulifika ukingoni mwa Koo jua likiwa bado juu, ila pale halikuwepo. Ukungu mzito, mweupe. Hakuna upepo. Hakuna ndege. Harufu kama ya sarafu iliyoshikwa kwa jasho.

Hatukuwa tumefungua hata mkoba.

"Nipo hapa," ikasema sauti kutoka chini. Sauti ya Twiga. "Leteni kamba."

Mwoka mikate akaanza kulia kwa furaha. Dada yangu akateremsha kamba ya kwanza.

Ni lazima niwaeleze jambo moja kuhusu watu wa kamba. Mlimani hatuaminiani kwa maneno, kwa sababu upepo huyaiba. Tunaongea kwa mivuto. Mvuto mmoja mrefu maana yake: nimejifunga, nipandisheni. Ukishafanya kazi hiyo miaka mingi, mikono husikia kabla ya kichwa. Kamba ikikuvuta, unavuta.

Ukaja mvuto mmoja mrefu.

Tukavuta, wote wanne, bila kuambiana. Ulikuwa uzito wa mtu mzima. Uzito wake kabisa. Kamba ikaja dhiraa baada ya dhiraa, na sauti ikaja nayo. "Hivyo hivyo. Vuteni. Hivyo hivyo."

Watu wengine wakiogopa huomba Mungu. Mimi hupatwa na ugonjwa wa mdomo. Nikainama kwenye ukungu, nikapiga kelele:

"Shemeji! Unajua kwa nini kinyonga hapandi mlima? Akifika kileleni hakumbuki alianza na rangi gani!"

Kisha kikacheka.

Kicheko cha Twiga. Nasema cha Twiga, japo sikuwahi kukisikia. Kilianza chini, taratibu, kikapanda. Hakikupumzika kuvuta pumzi. Kikaendelea. Kikaendelea.

Mikono ya mwoka mikate ikaganda. Dada yangu akageuka, akaniangalia.

"Simamisheni," akanong'ona.

Tukasimama. Ndipo tukaisikia nyingine, kutoka kushoto, mbali kidogo na kamba yetu. Sauti ndogo. Imekauka. Imechoka.

"Shemeji... hiyo... ulishaniambia asubuhi."

Sijawahi kusifiwa vizuri kuliko vile maishani mwangu.

Dada yangu aliifunga ile kamba ya kwanza kwenye mwamba, na kile kitu kikiwa bado kinaning'inia. Akalala kifudifudi, akachungulia ukunguni. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

"Wewe," akasema, kwa sauti ile anayowasemea watoto wake wasipooga. "Huyu ana wenyewe. Tafuta wako."

Kicheko kikakatika.

Akateremka kwa kamba ya pili, upande wa kushoto, sisi tukimshikilia. Ukungu ukammeza miguu, kiuno, kofia. Tukabaki watatu na kamba mbili. Tukasubiri.

Kamba ya kwanza ilikuwa imekazika. Ikalegea.

"Kimeanguka?" mwoka mikate akanong'ona.

Mwenyekiti akatikisa kichwa. Yeye aliona kabla yetu. Kamba huwa inalegea hivyo mtu anapokuwa hana haja ya kuvutwa. Anapopanda mwenyewe.

Ukaja mvuto mmoja mrefu kwenye kamba ya pili.

Hakuna aliyevuta. Kwa mara ya kwanza mikono yetu ilikataa kutii.

"Ni wao?" akauliza mwenyekiti. "Ni wao au ni..."

Chini ya ukingo, upande wa kamba ya kwanza, kijiwe kidogo kikaporomoka. Karibu. Kikafuata kingine, karibu zaidi.

Nikapanua mdomo. "Dada! Unajua kwa nini kinyonga..."

"Nyamaza uvute, mjinga wewe!" akafoka kutoka chini.

Tukavuta. Tulivuta kama watu wanaong'oa mti. Mwenyekiti alikuwa anatukana matusi ambayo sikujua madaktari wa meno wanayafahamu. Kofia ya dada ikatokea, kisha ile shingo ndefu, damu nywele nzima, mguu umepinda vibaya, macho wazi. Hai. Yu hai!

Tulitaka kukimbia. Dada yangu akarudi ukingoni.

"Acha hiyo kamba!" nikasema.

"Kamba ni ya chama."

Akaivuta ya kwanza, mkono baada ya mkono, bila haraka. Ilikuja nyepesi, tupu. Mwishoni mwake palikuwa na fundo letu, limefungwa sawasawa kama tunavyofundishana, na kitanzi chake kilikuwa kidogo kama bangili ya mtoto mchanga. Hakuna kiuno kinachopita pale. Wala paja. Wala kiganja changu. Na kilikuwa na joto.

Baada ya ajali tuna desturi. Wanachama hukaa duara karakanani, wanafumba macho, na kamba inapita katika mikono yao mitupu kutafuta jeraha. Ikikutwa nalo hukatwa vipande, isimwue mwingine. Tulifanya hivyo Twiga alipotoka hospitali, mguu wake ndani ya plasta umewekwa juu ya stuli. Kamba ikazunguka. Kila aliyefika kwenye kitanzi alisita, akafumbua macho, akampitishia jirani upesi. Majuma yalikuwa yamepita. Joto lilikuwepo. Mwenyekiti alijaribu kulifungua lile fundo kwa koleo lake la magego. Koleo likavunjika.

"Tuichome," akanong'ona.

"Ina jeraha?" dada akauliza.

"Haina."

"Basi ni nzima." Akainuka, akaitundika kwenye msumari wake. "Hatuchomi kamba nzima kwa kuogopa anayeiba sauti za watu. Anayeitaka aje aiombe mlangoni."

Hakuna aliyepumua vizuri. Nikaona ni wajibu wangu kuwachangamsha, nikatoa mzaha mpya, wa konokono na fundi saa. Twiga akaniangalia. Wengine wakatazama sakafu. Yote sawa.

Kisha ukutani, polepole sana, kitu kikacheka.

"Shemeji," Twiga akasema, hajageuza hata shingo, "hatimaye umepata wako."

Kesho yake nilikuta ule msumari, mnene kama kidole gumba changu, umeinama kuelekea sakafuni. Mvuto mmoja mrefu. Nikachukua nyundo, nikaunyoosha, nikaitundika kamba pale pale. Ndivyo ninavyofanya kila asubuhi hadi leo. Kisha nauchukua mkoba wangu na sindano, naketi, naupa ukuta mgongo, nashona.